Bi Mkwe wa Chumba cha Pasi, na Onyo Lililokuwa Langu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, kengele ya saa nane mchana ikilia, fundi wetu wa matundu ya vifungo, ambaye kiwanda kizima kinamwita Bi Mkwe, atazima mashine yake kwa mara ya mwisho. Ametumikia kiwanda hiki cha mashati miaka ishirini na minane na miezi minne. Kamati ya ustawi wa wafanyakazi imeniomba mimi, mkata nyuzi wa laini ya tatu ya mashine, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Ofisi ya utumishi ilishaandika wa kwake, mistari sita. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikaurudisha mezani. Mstari wa tano unasema kwamba "alishiriki katika burudani za wakati wa chakula".

Burudani! Nitafika huko. Kwanza tuanze mwanzo, maana naye ana haki ya kuanziwa mwanzo kama wastaafu wengine.

Alianza kazi chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande vya kitambaa. Mwaka wa pili akapewa mkasi wa nyuzi, kazi ninayofanya mimi sasa. Mwaka wa tano mwenye mashine ya matundu aliugua, na katika watu wote wa laini ile ni yeye peke yake aliyekuwa ameitazama mashine hiyo kwa makini wakati wengine wakitazama saa. Akakalishwa pale kwa siku mbili. Hajainuka mpaka leo. Ni mashine ya zamani, inapiga kelele kama kuku anayefukuzwa, na fundi mitambo anasema ameshabadilisha kila kitu ndani yake isipokuwa mkaaji. Bi Mkwe husema tundu likikaa pembeni kidogo tu, shati zima linakunja uso. Mashati yake hayajawahi kukunja uso.

Wageni wa laini ya tatu bado wanasimuliwa habari ya sindano. Kwetu hapa sindano ikivunjika, hakuna anayeendelea mpaka vipande vyote vipatikane na kubandikwa kwenye karatasi, maana kipande kikibaki kwenye shati kitamchoma mtu asiye na hatia. Siku hiyo ilipotea ncha ndogo kama punje ya mchanga. Msimamizi akasema tuendelee, mzigo unasubiriwa. Bi Mkwe akaweka mikono mapajani. Laini nzima ikasimama dakika arobaini. Watu wakapitisha sumaku sakafuni, wakapekua marundo, wakakung'uta hadi vitambaa vya kichwani, na msimamizi akizunguka huku na huko akifoka. Ncha ilipatikana imejichoma kwenye soli ya kiatu cha msimamizi mwenyewe. Bi Mkwe aliinama, akaichomoa kwa koleo, akamwambia, "Asante kwa kututunzia, baba."

Sasa habari ya Kiingereza, ambayo ofisi inaiita burudani.

Kabla ya kiwanda, Bi Mkwe alikuwa yaya kwa miaka sita kwa familia ya kigeni iliyojua Kiingereza tu. Hakuna aliyemfundisha. Alikiokota jikoni na koridoni. Ndiyo maana Kiingereza chake ni cha nyumbani: cha kumbembeleza mtoto asiyetaka kuoga, cha mume na mke walionuniana wanaotumana maneno kupitia kwa yaya, cha sinki lililoziba na wageni wako mlangoni. Mwambie aagize tiketi ya ndege, atakuomba umwachie. Mwambie amwombe jirani apunguze redio bila kuvunja ujirani, utakaa chini usikilize.

Miaka kumi na tisa iliyopita wanunuzi wa ng'ambo walianza kutuma wakaguzi. Wakaguzi hao huja mara moja kwa mwaka, huchagua mfanyakazi yeyote, humkalisha peke yake na kumuuliza kwa Kiingereza anaishije na anafanyaje kazi. Mwaka wa kwanza watu walijificha chooni. Bi Mkwe akaona aibu kwa niaba yetu sote, akaomba chumba cha pasi kwa nusu saa ya mchana, akaanza kufundisha. Bila kitabu. Bila ubao.

Utaratibu wake haupo mahali pengine popote ninapopajua. Kila Januari na kila Julai alitia vikaratasi kwenye mfuko wa shati lililokataliwa, na kila mwanafunzi akachomoa undugu wake: baba, mjomba, wifi, shemeji, binamu wa kuazima vitu. Ukishauchomoa ni wako kwa miezi sita, hakuna kubadilishana. Fundi mitambo, ndevu mpaka kifuani, alichomoa kitinda mimba wa kike anayetaka kuolewa na mtu asiyependwa nyumbani, na alimlilia baba yake kwa Kiingereza mpaka mpiga pasi mmoja akatoka nje kujifuta macho. Bi Mkwe mwenyewe hakuchomoa. Siku zote alikuwa mama mkwe, kwa sababu, alisema, ndiye mtu pekee katika familia anayefanya kila mtu awe na la kusema. Jina likamganda.

Kila Jumatatu alileta tatizo moja. Paa linavuja juu ya kitanda cha wazee. Shemeji ameuza cherehani ya familia. Maziwa ya mtoto yanapungua na mama mkwe ametia kufuli kabatini. Tukagombana, tukalalamika, tukatumiana wapatanishi, yote kwa Kiingereza, na Ijumaa lazima tuwe tumepatana. Wasiopatana walirudi kwenye mashine wamenuna, laini nzima ikijua, na tatizo lao liliendelea wiki iliyofuata. Ungesikia mtu anaita kwa Kiswahili katikati ya kelele, "Wifi! Lile paa mmelitengeneza au mnangoja tuote uyoga?" Na wifi, mlinzi wa lango mwenye mabega kama mlango, anajibu, "Muulize kaka yako mvivu!"

Kwa njia hiyo mlinzi huyo leo anapokea simu za wanunuzi bila kukimbia kumtafuta mtu. Mkunjaji mmoja aliondoka hapa akaenda kukaa mapokezi kwenye hoteli. Mpiga pasi wetu alimweleza daktari mgeni ugonjwa wa mkewe kuanzia siku ya kwanza mpaka ya tisa, na daktari akaelewa, kwa sababu tatizo la mgonjwa nyumbani tulikuwa tumeligombania wiki mbili nzima. Hizo ndizo burudani.

Mimi niliingia darasani Januari ya mwaka jana, nikiwa na mimba ya miezi minne na elimu ya shule ya msingi. Nikachomoa mkaza mwana, mke wa mtoto wa kwanza. Nilifungua kinywa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza maishani ili kumwambia Bi Mkwe afungue kabati la maziwa. Tuligombania kabati hilo mpaka nilipokwenda kujifungua, na niliporudi kazini mwezi wa tisa niliomba nibaki na undugu ule ule. Sikuwa na nguvu za kujifunza mwingine. Mwenye mtoto wa miezi mitatu atanielewa.

Mwezi huo huo ofisi ilimletea Bi Mkwe karatasi yenye majibu thelathini. Ukiulizwa saa za kazi, sema ni nzuri. Ukiulizwa choo, sema ni kizuri. Ukiulizwa msimamizi, sema ni kama baba. Alitakiwa atukaririshe kabla mkaguzi hajafika. Aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza ya pasi iliyokuwa ikitusumbua siku nyingi. "Haya, angalau meza imetulia," akasema. Afisa utumishi alipokuja kuuliza, alimjibu kwa adabu kwamba yeye anafundisha watu kujibu, na anayetaka kukaririsha anunue kasuku.

Nadhani siku ile ndiyo ofisi ilipomwandikia onyo moyoni. Walikuwa wanangoja sababu tu. Sababu niliwapa mimi.

Nafika kwenye kosa, na kosa ni langu. Naomba lisomwe hivyo kwa sauti kama mtu atasoma kwa sauti.

Mkaguzi wa Oktoba alikuwa mama wa makamo, mpole, wa sauti ya chini. Akanichagua mimi. Tulikaa kwenye chumba cha sampuli, yeye, mimi na feni. Akaniuliza swali jepesi kuliko yote: nyumbani unaishi na nani? Sasa mimi habari za nyumba yangu ya kweli sikuwa nimewahi kuzisema kwa lugha ile hata siku moja. Kiingereza chote nilichokuwa nacho cha swali hilo kilikuwa cha mkaza mwana. Nikafungua mdomo, na familia ya chumba cha pasi ikatoka yote, kwa mpangilio, bila kigugumizi. Mume wangu ameacha kazi. Shemeji ameuza cherehani. Mama mkwe ametia kufuli kabatini na maziwa ya mtoto anayapima kwa kikombe. Yule mama akaacha kuandika, akanishika mkono. Nami, kwa kuona naeleweka, nikamwongezea na paa.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na hajakosa kwenda kazini tangu nimjue. Mama mkwe wangu wa nyumbani, mama mzaa chema kweli kweli, ndiye anayenilelea mtoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kabati letu halina hata mlango, sembuse kufuli.

Kisha mkaguzi akaniuliza habari za kazini. Hapo hapakuwa na undugu wa kujishikiza, ikabidi nitafute maneno yangu moja moja. Nikamwambia ufunguo wa choo anao msimamizi, na ukiuomba anatazama saa. Nikamwambia nilikata nyuzi nimesimama mpaka wiki ya mwisho ya mimba, miguu imevimba kama mito. Nikamwambia maziwa ya mtoto ninayakamulia stoo ya vitambaa, nimejibanza kati ya majora, na mtunza stoo anasimama nje akipiga mluzi ili mtu asiingie, Mungu ambariki. Hayo matatu yalikuwa kweli. Ni kweli hadi leo ninapoandika, Jumatano, mchana.

Ripoti ilipofika kwa wanunuzi, ofisi ikatakiwa kujieleza. Ikamtuma mtu nyumbani kwetu. Akamkuta mama mkwe wangu anamwogesha mtoto, maziwa tele, paa zima. Akarudi mbio kama aliyeokota dhahabu. Ofisi ikawajibu wanunuzi kwamba mfanyakazi huyu amedanganya habari za nyumbani, kwa hiyo amedanganya na za kazini, na kwamba uongo huo amefundishwa kwenye darasa la chumba cha pasi. Jambo likafungwa. Kwa pigo moja ufunguo wa choo ukawa hadithi, miguu yangu ikawa hadithi, na stoo ya vitambaa nayo ikawa hadithi. Darasa la miaka kumi na minane likafungwa, chumba kikajazwa maboksi saa za mchana. Na Bi Mkwe, ambaye hajawahi kuchelewa wala kuharibu shati, akaandikiwa barua ya onyo kwa "kufundisha wafanyakazi udanganyifu".

Udanganyifu! Mtu aliyekataa kufundisha majibu thelathini ya uongo ndiye kaandikiwa uongo. Naomba kila aliyeshika karatasi hii aisome tena sentensi hiyo taratibu, kisha aendelee.

Nilikwenda ofisini mara tatu kusema kosa ni langu, mwalimu hakuwepo chumbani, hakunituma. Mara tatu nikaambiwa, "Mama, wewe umepotoshwa tu. Rudi kwenye mkasi wako." Kumbe mimi sina hata akili ya kukosea mwenyewe.

Wafanyakazi wa zamani wanaujua utaratibu. Anayestaafu baada ya miaka ishirini na mitano, jalada lake likiwa safi, husomewa cheti cha utumishi mwema mbele ya watu wote na jina lake huandikwa kwenye ubao wa langoni. Mwenye onyo hupewa saa ya ukutani. Mwezi uliopita ofisi ilimwita Bi Mkwe, ikamwekea karatasi mbele: akiri kwa saini kwamba darasa lake lilifundisha watu kudanganya, onyo litafutwa, na cheti atasomewa. Kila mtu hapa anajua alivyokitamani cheti kile. Mumewe alikufa akimtania kwamba atakitundika sebuleni mahali pa picha yake. Alisoma karatasi, akarudisha kalamu. Alisema akitia saini, basi kila aliyepita chumba cha pasi ni mwongo, na yale matatu ya mkata nyuzi yatakuwa uongo mpaka mwisho wa dunia. Akasema saa ya ukutani inamtosha, atajua saa ngapi.

Nilipomsimulia mama mkwe wangu wa nyumbani, aliuliza swali moja tu: katika kesi hii, aliyesingiziwa ni nani? Jumanne, yaani jana, alivaa nguo zake za kutokea, akambeba mtoto mgongoni, akafika langoni saa ya mapumziko. Mlinzi hakuthubutu kumzuia. Tuliingia naye kwa afisa utumishi, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi ndiye niliyesemwa nafungia mjukuu wangu maziwa. Nimecheka, nimesamehe. Ninyi mmesingiziwa nini hata mkakasirika hivi?"

Afisa akasema, "Mama, hili ni jambo la kiofisi."

"La kiofisi? Basi nyumbani kwangu mlifuata nini?"

Afisa akapanga kalamu zake. Akazipanga tena. Mtoto akaanza kuzitamani, mama mkwe akamwachia achukue moja. Hatimaye afisa akasema tatizo ni kwamba onyo lilishatolewa na lina namba, haliwezi kuning'inia hewani, lazima liwe la mtu.

Nikamwambia basi ni langu. Nimelidai tangu mwaka jana.

Alinitazama kama naomba ugonjwa. Akanikumbusha kwamba mimi ni kijana, nina mtoto, miaka yangu ya kazi bado mingi, na onyo halitoki. Nikamwambia najua. Barua ikachapwa upya kwa jina langu: nilimpa mkaguzi taarifa zisizo sahihi. Kabla ya kusaini nikachukua kalamu nyingine, maana ile ilikuwa mdomoni mwa mtoto, nikaandika kwa mkono chini yake: "Za nyumbani hazikuwa sahihi. Za kazini zilikuwa sahihi." Afisa akasita. Mama mkwe wangu akamuuliza kama kuna shida ya kusoma mwandiko wangu. Akapiga mhuri.

Bi Mkwe alipopata habari alinifokea mbele ya laini nzima, kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya kabatini. Alisema yeye alikuwa anaondoka na onyo lile lingeondoka naye, lisingemdhuru mtu tena. Alisema nimejifunga kwa miaka thelathini kwa ajili ya karatasi ya kutundika ukutani. Nilimjibu kwa Kiingereza pia, maneno yangu mwenyewe, kwamba hawezi kutoka langoni amebeba kitu changu. Alirudi kwenye mashine, akashona matundu mpaka kengele. Leo asubuhi ameniuliza mtoto amelalaje.

Kwa hiyo ijulikane. Jalada la Bi Mkwe ni safi, na Ijumaa cheti kitasomwa. Darasa bado limefungwa, ufunguo wa choo bado uko mfukoni mwa msimamizi, na stoo ya vitambaa bado ndiyo chumba changu cha mama anyonyeshaye. Hayo hayajaisha, na ofisi isijidanganye kwamba sherehe itayafunika. Mkaguzi atakuja tena Oktoba. Tuko arobaini na mmoja tuliopita mikononi mwa mwalimu huyu na bado tuko kazini. Mmoja wetu atachaguliwa, na ataulizwa.

Nina ombi kwa watakaohudhuria. Cheti kikianza kusomwa, simameni wote, na ninyi wa ofisini pia, na atakayesoma asome neno "mwalimu". Halimo kwenye cheti. Nimemwomba fundi mitambo aliandike kwa kalamu, na ameliandika vizuri.

Bi Mkwe, mwalimu wetu, asante. Ulitupa kinywa, nami nilikitumia vibaya mara moja na vizuri mara moja, na zote mbili nimezibeba mwenyewe kama mtu mzima. Kapumzike. Tunakuombea magoti yasiyouma, nyumba yenye watu wa kuongea nao, na mchana mrefu usio na kengele. Uishi vyema, mama.